Kunasa na Kunasua

Kuna methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nayo kabla hajamaliza shule ya msingi: mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Darasani tunaifasiri kwamba balaa likizuka humpata mwenye hatia na asiye na hatia. Fasiri hiyo ni sahihi, wala sina nia ya kuibomoa. Ningependa tu kuwakumbusha walimu wenzangu kwamba kabla methali hii haijawa onyo kwa wanadamu, ilikuwa taarifa ya mtegaji. Palikuwa na mtu aliyetega jioni, akaamka alfajiri kuangalia, akakuta mtegoni kiumbe asiyemkusudia. Akaliona jambo hilo mara nyingi hata likawa kanuni. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba mtu huyo alikuwa amefanya utafiti nyanjani.

Makala haya yanahusu utafiti wa aina hiyo, yaani utegaji wa panya na viumbe wadogo wanaofanana nao, wakiwa hai, ili wachunguzwe kisha waachiliwe. Huenda msomaji akauliza mwanaisimu ana lipi na panya. Jibu langu ni kwamba jambo hili ni la elimu, na pia ni la lugha.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina kitenzi tega, na kinyume chake ni tegua. Kina nasa, na kinyume chake ni nasua. Kiambishi hiki kinachotendua lililotendwa ndicho kile kile kinachogeuza funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua. Waliotuachia neno nasua walikuwa na haja nalo. Walijua kwamba kinachokamatwa si lazima kiuawe.

Mfano upo karibu sana na shule zetu za bara ya Mombasa. Jomvu Kuu, mji wa kale wa Wajomvu ambao ni miongoni mwa Miji Kumi na Miwili ya Waswahili wa Mombasa, umekaa kando ya hori lenye mikoko. Mvuvi wa huko hahitaji kufundishwa na mgeni maana ya mtego usioua. Dema, ambalo wengine huliita lema, halimuui samaki, humweka tu. Mvuvi akilipandisha anaweza kuchagua: huyu ni kitoweo, huyu bado mdogo, na arudi majini akakue. Anayelielewa dema ameshaelewa nusu ya somo hili.

Mtego utumiwao na wataalamu wengi duniani kwa ajili ya panya ni kisanduku cha bati au cha aluminiamu kinachokunjika, ambacho huitwa kwa jina la Sherman, Mmarekani aliyekibuni. Kile cha ukubwa wa kawaida kina urefu wa kama sentimita 23, na upana na kimo cha sentimita 8 au 9 hivi. Kina mlango mmoja wenye springi, na ndani mna kibao. Panya akikikanyaga kibao, mlango hujifunga nyuma yake. Hamna kitanzi, hamna meno ya chuma, hamna damu. Chambo ni siagi ya njugu karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi au shayiri.

Mitego hupangwa kwa safu zenye nafasi sawa, mathalani mita 10 baina ya mmoja na mwingine, na kila mahali husimikwa kijiti chenye nambari. Penye kijiti, mtegaji hodari hutafuta njia ya panya. Siku hizi tukisikia njia za panya tunafikiria wauzaji wa magendo mipakani, lakini msemo huu umetokana na uchunguzi wa kweli: panya hapiti ovyo. Ana vijia vyake kando ya ukuta au chini ya nyasi, na hupita humo usiku baada ya usiku.

Mitego hutegwa jua likichwa na hutazamwa alfajiri. Anayechelewa anaua, kwa maana jua la saa tatu likipiga bati, kisanduku hugeuka tanuri, na siafu wakimkuta mnyama amefungiwa hawamsazi. Penye baridi huwekwa ndani pamba au nyasi kavu. Mnyama akitolewa huingizwa katika mfuko wa kitambaa, mkono wa mtafiti ukiwa na glavu. Hupimwa uzani, urefu wa mkia, wayo wa nyuma na sikio. Huangaliwa kama ni dume au jike, na akiwa jike, kama ana mimba au ananyonyesha. Hutiwa alama. Yote huandikwa daftarini pale pale, si baadaye kwa kukumbuka. Kisha huachiliwa kwenye kijiti kile kile alikonaswa, kwa sababu huko ndiko anakojua lilipo shimo lake.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, nami nawaomba walimu wa hisabati wanifuatilie. Tuseme usiku wa kwanza tumenasa panya 40, tukawatia alama na kuwaachilia. Usiku mwingine tunanasa 50, na miongoni mwao 20 wana alama. Wenye alama ni 20 katika 50, yaani sehemu 2 katika 5. Basi ikiwa wale 40 tuliowatia alama ni sehemu 2 katika 5 ya panya wote wa shamba hilo, jumla yao ni 100. Tumewahesabu wale tusiowaona kwa kuwatumia wale tuliowaona mara mbili. Njia hii inahusishwa na majina ya Petersen, Mdenmaki aliyeshughulikia samaki mwishoni mwa karne ya 19, na Lincoln, Mmarekani aliyekadiria idadi ya bata mwaka 1930.

Aidha, hesabu hii hufundisha jambo ambalo vitabu vyetu vya mazoezi mara nyingi hulificha, nalo ni kwamba kila jibu lina masharti yake. Jibu la 100 ni sahihi iwapo hapana waliozaliwa, waliokufa wala waliohama kati ya siku hizo mbili. Iwapo alama haikufutika. Na iwapo aliyewahi kunaswa ana nafasi sawa na asiyewahi ya kunaswa tena. Sharti hili la mwisho ndilo gumu. Wapo panya wanaouzoea mtego hata wakaufanya mkahawa, kila usiku waingie wale njugu. Na wapo ambao, kama yule aliyeumwa na nyoka anayeogopa ung'ongo, hawakaribii tena kisanduku. Wa kwanza hutufanya tudhani panya ni wachache kuliko walivyo; wa pili hutufanya tudhani ni wengi mno. Mwanafunzi akilielewa hili atazisoma kwa jicho lingine takwimu nyingi anazoletewa magazetini.

Niliwahi kufika Jomvu Kuu kukusanya majina ya wanyama wadogo, nikiwa na kisanduku kimoja nilichoazimwa na mwenzangu wa idara ya zuolojia, ili nionyeshe ninachozungumzia. Bibi mmoja mkulima alikitazama, akaufungua na kuufunga mlango wake mara mbili tatu, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mwizi mumeshamshika na mkononi mwenu, kisha mwamwachia ende zake?" Waliokuwapo wakacheka. Swali lake, hata hivyo, si la mzaha. Kwa mtu ambaye mahindi yake yamefukuliwa yangali mbegu ardhini, elimu inayomwachilia panya ni anasa, ama ni wazimu.

Swali la bibi huyo limejibiwa Morogoro, nchini Tanzania. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, walianza mwaka 1994 kutega katika eneo moja la hekta 3 lenye mitego 300. Kila mwezi walitega usiku 3 mfululizo, wakanasa, wakatia alama, wakaachilia. Waliyemlenga ni panya shamba, ambaye jike lake huweza kuwa na chuchu 24 na kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Huyu ndiye adui mkubwa wa mahindi. Wataalamu wamekadiria kwamba panya huila kama asilimia 15 ya mavuno ya mahindi nchini humo.

Kutokana na subira hiyo ilibainika kwamba wingi wa panya hauzuki kwa uchawi wala kwa laana. Mvua za vuli zikinyesha kwa wingi mapema, panya huanza kuzaa mapema. Watoto wa kwanza hukomaa na kuzaa katika mwaka huo huo. Na msimu unaofuata mashamba hufurika. Mwaka 1997 matokeo ya utafiti kuhusu panya hao wa Morogoro yalichapishwa katika jarida la Nature, ambalo ni miongoni mwa majarida makuu ya sayansi ulimwenguni. Basi jibu kwa bibi ni hili: mwizi mmoja ameachiliwa ili ijulikane genge zima litakuja lini. Mkulima anayejua mapema hujitayarisha mapema. Anayeona panya wameshajaa shambani na ndipo anakimbilia dukani kununua sumu, huyo amechelewa.

Subira ya namna hiyo haikuanzia wala kuishia Morogoro. Katika jangwa la Arizona nchini Marekani, karibu na mji mdogo wa Portal, watafiti walianza mwaka 1977 kutega panya wa jangwani, wakiwemo wale wanaoruka kwa miguu ya nyuma na wanaoweza kuishi bila kunywa maji. Viwanja ni 24, na kila kimoja kina vituo 49. Hutegwa mara moja kwa mwezi, tena karibu na mwezi mwandamo, kwa kuwa penye mbalamwezi panya wengi huogopa kutoka wasionwe na bundi. Wavuvi wetu, ambao hupanga safari zao kwa bamvua na maji mafu, hawatashangaa kusikia kwamba sayansi nayo hutazama mwezi.

Hapa Kenya, kituo cha utafiti cha Mpala kilichoko Laikipia kinatoa funzo jingine. Mwaka 1995 vilianzishwa huko viwanja vilivyozungushiwa nyua ili kuwazuia wanyama wakubwa wala majani. Mitego ya panya ilipowekwa ndani na nje ya nyua, ilionekana kwamba wanyama wakubwa wakiondoka, panya huongezeka hadi karibu maradufu, na viroboto wao huongezeka pamoja nao. Hakuna aliyeweza kuyajua hayo kwa kukaa ofisini.

Turudi sasa Jomvu. Eneo hilo, kama ilivyo sehemu kubwa ya bara ya Mombasa, linabadilika haraka. Mashamba yanapimwa viwanja, nyumba zinaongezeka, na tangu mwaka 2017 stesheni kuu ya reli mpya iko Miritini, jirani kabisa. Penye watu wengi, maghala na taka, panya hawakosi. Dawa inayojulikana na wengi ni moja tu, sumu. Kila nyumba hununua yake, siku yake, kwa kiasi chake. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Katika jambo hili panya wengi ni sisi. Nyumba moja ikiua, panya wa jirani huhamia palipoachwa wazi, na baada ya wiki chache hali huwa ile ile. Isitoshe, sumu haichagui. Paka aliyemla panya mwenye sumu hufa, bundi hufa, na mtoto anayetambaa yumo hatarini. Sumu ndiyo mtego hasa unaoingia waliokuwemo na wasiokuwemo, tofauti yake na kisanduku ni kwamba sumu haina mlango wa kunasua.

Kuna pia suala la afya. Mwaka 2022 watu waliugua na wengine kufariki mkoani Lindi, Tanzania, kwa ugonjwa uliotambuliwa kuwa homa ya mgunda, neno mgunda likiwa na maana ya shamba katika lugha kadhaa za Kibantu. Vimelea vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na humwingia binadamu kupitia maji au udongo uliochafuliwa. Wilayani Lushoto tauni ilisumbua watu kwa miaka mingi tangu 1980. Kujua ni panya gani wanaishi wapi na kwa wingi gani ni sehemu ya kinga, na ni sababu pia ya mtegaji kuvaa glavu na kunawa.

Nasema "panya gani" kwa makusudi. Hapa ndipo mwanaisimu hawezi kunyamaza. Mijini tumeanza kumwita panya kila kiumbe kidogo chenye mkia. Lakini Kiswahili kina fuko, anayeishi chini ya ardhi. Kina ndezi, kina kuchakulo, kina buku. Kina kirukanjia, mwenye pua iliyochongoka na harufu kali, ambaye si panya kamwe. Chakula chake ni wadudu, na anayemuua amemuua msaidizi wake. Kina pia sange, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Huyu ana kisa cha kuzingatia. Wazungu walimpa jina linalomlinganisha na tembo na kirukanjia kwa pamoja. Katika miaka ya 1990 mwanazuolojia Jonathan Kingdon alipendekeza wataalamu waache jina hilo na watumie sengi, jina lililotokana na lugha za Kibantu. Uchunguzi wa jeni ukaja kuonyesha kwamba sengi si jamaa wa kirukanjia hata kidogo. Yu karibu zaidi na tembo. Leo sengi ndilo jina litumiwalo na wanasayansi wengi, na mmoja wa adimu zaidi, mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, anaishi katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, saa chache kutoka Jomvu.

Buku naye anatufunza kwamba asiyemjua mnyama hawezi kujua faida yake. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limewafunza buku huko Morogoro kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alivumbua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza. Wenzake hunusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Mtu aliyemwona buku kuwa panya mkubwa tu wa kupigwa rungu asingeyawazia hayo.

Ninapendekeza nini, basi? Kwanza, walimu wa biolojia, hisabati na Kiswahili wa shule moja waketi pamoja. Mtaala wa umilisi unatuambia mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Hili ni tendo linalotumikia masomo matatu kwa wakati mmoja. Pili, shule isikurupuke kwenda vichakani na mitego. Utafiti wa wanyamapori nchini Kenya una idhini zake kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na wenye kuzijua taratibu hizo wako vyuoni na katika makumbusho ya taifa. Waalikwe. Wanapotega, wanafunzi waandamane nao alfajiri, washike daftari, wajumlishe. Hesabu yenyewe inaweza kuanza darasani hata leo kwa maharagwe ndani ya kibuyu: toa 40, yatie rangi, yarudishe, tikisa, kisha toa 50.

Tatu, na hili ndilo ninalolishikilia zaidi, daftari hilo liandikwe kwa Kiswahili na liwe na safu moja ya ziada: jina la hapa. Mwanafunzi atalazimika kumuuliza nyanya yake, au mvuvi, au mchimbaji mchanga, mnyama huyu mwamwitaje? Atakuta wengine wanakubaliana na wengine wanabishana, na ubishi huo nao uandikwe. Lugha ya Wajomvu na za jirani zao Wamijikenda zina hazina ambayo haimo katika kamusi, na wenye hazina hiyo wanazeeka. Jina likifa, mnyama huingia katika fungu la jumla la panya, na aliye katika fungu hilo dawa yake inajulikana.

Ndugu walimu, tumewazoeza watoto kupasua chura aliyekufa na kukariri sehemu zake. Si vibaya. Lakini mtoto aliyewahi kushika kiumbe kilicho hai, akakipima mapigo yake ya moyo yakienda mbio kitambaani, akaandika alichokiona na kukirudisha penye kijiti chake, huyo amejifunza kwamba kujua si lazima kuwe kuharibu. Muhula ujao, kabla ya kuwafundisha wanafunzi vitenzi vya kutendua kwa mifano ile ile ya funga na fungua, waandikieni ubaoni nasa na nasua, muwaulize ni nani katika kijiji chao anayejua kutenda yote mawili.